Kuivika Nyumba Nguo za Krismasi: Shauri kwa Watu wa Thika na Ruiru

Mwezi wa Desemba ukifika katika nchi ya Thika na Ruiru, mambo matatu huja pamoja. Kahawa iliyoiva huchumwa, kwa maana mavuno makubwa ya huku huanza Oktoba na kwisha karibu na mwaka mpya. Mvua za vuli huwa hazijakoma sawasawa, na ule udongo wetu mwekundu hushika kila kiatu kinachovuka kizingiti. Na watoto wa nyumba waliotawanyika kwa kazi, huyu Mombasa na yule Nakuru, hutuma habari kwamba watafika kabla ya tarehe 25. Basi kila mwenye nyumba, akiwa mkulima mwenye ekari mbili au karani mwenye chumba kimoja cha kupanga, hutazama kuta zake na viti vyake, akajiuliza: "Wageni watatukuta katika hali gani?"

Swali hilo ni jema, wala si la majivuno. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Na mwanzo wa kupona huko ni nyumba kufagiliwa, mapazia kufuliwa, na viti kuvikwa upya. Lakini liko jambo lifuatalo nyuma ya sikukuu kama kivuli. Mwezi wa Januari shule hufunguliwa, na karo, sare na vitabu hudai fedha zile zile zilizomeremeta mfukoni Desemba. Si nyumba moja wala mbili zilizopata mapazia mapya wakati wa Krismasi, kisha mtoto wa nyumba hiyo hiyo akarudishwa kutoka shuleni kwa kukosa karo.

Kwa sababu hiyo twataka kuzungumza juu ya kupamba nyumba kwa nguo na vitambaa, na shauri letu ni moja tu: nguo njema ya Krismasi ni ile itakayokuwa bado kazini mwezi wa Juni. Anayelishika neno hilo atapamba nyumba yake vizuri, na hatajuta.

KARATASI NI YA USIKU MMOJA

Watu wengi hupamba kwa karatasi. Karatasi nyembamba za chooni, nyeupe, za waridi na za samawati, husokotwa na kutandazwa kutoka pembe hadi pembe ya chumba. Baluni hufungwa mlangoni. Tawi la saiprasi hukatwa uani na kusimamishwa ndani ya mkebe wenye mchanga, likatiwa pamba iwe mfano wa theluji, ambayo wengi wetu hatujapata kuiona ila kwa mbali juu ya kilele cha Mlima Kenya. Zamani, posta ilipokuwa ikileta kadi nyingi, kadi hizo zilitundikwa kwenye uzi ukutani, na mgeni aliweza kuhesabu rafiki za mwenye nyumba kabla hajapewa chai. Desturi ya mti wenyewe ilitoka Ujerumani, ikaenea Uingereza katika miaka ya 1840, zama za Malkia Victoria na mumewe Albert, kisha ikavuka bahari mpaka kwetu pamoja na wamisheni na walowezi.

Mapambo hayo yana furaha yake, hasa kwa watoto, nasi hatuyakatazi. Lakini mwaka mpya ukipita yote hufagiliwa jaani, na fedha zake zimekwenda nayo. Nguo haina tabia hiyo. Kipande kile kile cha pamba chaweza kuwa pazia kwa miaka mitano, kisha kikakatwa kuwa foronya za mito, kisha kikamaliza siku zake kikipangusa meza. Aliyekinunua ametumia kila senti yake mara tatu.

NCHI ISIYO NGENI KWA NGUO

Wakazi wa pande hizi wana bahati ambayo wengi hawaifikirii, maana wanakaa karibu na mahali nguo inapotengenezwa. Reli ilifika Thika mwaka 1913, ikachukua kahawa na mkonge wa mashamba makubwa, na baadaye viwanda vikaifuata. Kiwanda cha Thika Cloth Mills kilianzishwa mwaka 1958. Humo pamba husokotwa kuwa uzi, uzi hufumwa kuwa kitambaa, na kitambaa hutiwa rangi. Ruiru nako kuna kiwanda cha Spinners & Spinners, kisokotacho uzi na kutengeneza mablanketi. Pamba yenyewe haitoki mbali: hulimwa Mwea, Kitui, Busia, Lamu na mahali pengine penye joto katika Kenya.

Habari za viwanda vya nguo hazikuwa njema sikuzote. Milango ya biashara ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, nguo za mitumba ziliingia nchini kwa wingi sana. Mnunuzi alifurahi kwa kupata nguo rahisi, lakini viwanda vingi vilifungwa, na mkulima wa pamba akakosa wa kumwuzia. Vichache vilivyosalia vyahitaji wanunuzi. Kwa hiyo mwenye kununua mita nne za kitambaa kwa ajili ya sikukuu na aulize dukani: "Hiki kimefumwa wapi?" Huenda akaambiwa kimefumwa mwendo wa nusu saa kutoka mlangoni kwake, na fedha yake ikarudi kwa jirani yake afanyaye kazi ya zamu kiwandani.

Hata hivyo hatutaki kumlaumu anunuaye mitumba. Mapazia mazito yauzwayo katika soko la Jamhuri pale Thika yamezivika nyumba nyingi kwa bei ambayo duka haliwezi kuishindania. Lakini ayanunuaye na ayakague. Alitandaze pazia juani, atazame kama limechakaa kwenye mikunjo, maana jua hula kitambaa mahali pale pale miaka yote. Avute kwa vidole viwili karibu na upindo. Likitoa mlio wa kupasuka, alirudishe. Tena apime urefu wa kila moja, kwa maana mapazia mawili ya rundo moja si lazima yawe ndugu.

VITAMBAA VYA MAMA ZETU

Ukiingia katika sebule ya nyumba yoyote ya mashambani, kutoka Gatundu hadi Makuyu, utaona vitambaa vilivyofumwa kwa sindano ya kulabu, yaani kroshe. Vimo migongoni mwa makochi, mikononi mwa viti, na juu ya meza ndogo na kabati la vyombo. Zamani redio nayo ilikuwa na kitambaa chake, kisha televisheni ikapata chake. Televisheni za siku hizi ni nyembamba kama ubao, hazina mahali pa kutandika kitu. Ila kochi bado li pale pale, nalo halijasahau kuvaa.

Kazi hiyo ya mikono ina historia yake. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa mwaka 1952 chini ya idara ya serikali ya kikoloni, katika siku zile zile nchi ilipoingia katika Hali ya Hatari. Watu wengi wa Kiambu na Murang'a wakati ule walikuwa na uchungu mwingi, na wako waliokitilia chama hicho mashaka. Lakini sindano haina siasa. Wanawake waliofundishwa kushona, kudarizi na kufuma waliwafundisha binti zao, na binti wakawafundisha wajukuu. Katika nyumba nyingi kulikuwa na kitambaa cheupe ukutani, kimedariziwa maua pembeni na neno la kumkaribisha mgeni katikati. Wako wazee walioanza kujua kusoma kwa kutazama vitambaa kama hivyo.

Mama au binti mwenye kuanza mwezi wa Oktoba aweza kufuma seti nzima ya makochi kabla ya Krismasi, akifuma jioni baada ya kazi. Gharama yake ni uzi na kulabu tu. Akiwa na mkono mzuri, majirani watamwagiza, na badala ya Desemba kumla fedha itampa. Rangi nyeupe ndiyo iliyozoewa, lakini katika udongo wetu yafaa kuchanganya nyeupe na rangi ya damu ya mzee, au na kijani kibichi kama jani la kahawa. Rangi hizo ni za Krismasi, tena hazitangazi kila tone la chai.

Kitambaa kilichofumwa hupoteza umbo kikifuliwa, kwa hiyo kinataka dondo. Koroga vijiko viwili vya unga laini wa muhogo katika kikombe cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Kisha mimina lita moja ya maji yanayochemka, huku ukikoroga bila kupumzika, mpaka uji uwe mwepesi na wa kung'aa. Ukipoa kidogo, tumbukiza kitambaa, kikamue kwa mkono, kinyoshe juu ya ubao safi uliotandikwa taulo, na kukishika pembe kwa pini zisizo na kutu. Kikiwa bado na unyevu, kipige pasi kwa upande wa nyuma. Angalia pasi, maana kitambaa cha pamba huvumilia moto, lakini uzi wa akriliki huyeyuka.

LESO NA MAREKANI

Kuna nguo nyingine mbili ambazo zimekaa katika nyumba zetu muda mrefu hata tumesahau kwamba ni mapambo.

Ya kwanza ni leso, ambayo wengine huiita kanga. Ilizaliwa Pwani katika karne ya kumi na tisa. Mjini Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, lilianza mwaka 1887, na leso zenye alama ya Mali ya Abdulla zimefika kila pembe ya nchi. Leso huuzwa kwa jozi, nayo jozi huitwa doti. Kila moja ina pindo kuzunguka, mji katikati, na jina, yaani lile neno lililoandikwa chini ya mji. Upana wake ni kama mita moja, na urefu wake mita moja na nusu, kwa hiyo yafaa sana kutandikwa juu ya meza ya kawaida. Doti moja itakupa kitambaa cha meza siku ya Krismasi, na nyingine ya kubadilisha siku ya pili. Mwaka mpya ukiingia, mama huzichukua zote mbili akajitanda, wala hakuna kilichopotea.

Ila soma jina kabla ya kulipa. Ziko leso za baraka na shukrani, na ziko za wivu na mafumbo. Si busara kumkaribisha shemeji kwenye meza iliyofunikwa maneno ya kumsuta jirani.

Nguo ya pili ni marekani, ile pamba ya rangi ya asili isiyotiwa nakshi. Jina lake lina sababu. Mwaka 1833 Sayyid Said wa Oman na Zanzibar alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na merikebu kutoka Massachusetts zikaleta kitambaa hicho kwa wingi, hata kikawa kama fedha katika misafara ya bara. Merikebu hizo hazipo tena, lakini jina limebaki, nacho bado ni katika vitambaa vya bei nafuu kuliko vyote dukani. Mwenye sindano na nyuzi za rangi aweza kudarizi ukingo wa nyota au majani juu ya marekani, akapata kitambaa cha meza ambacho hakuna duka litakalokuwa na mfano wake. Kwanza akichemshe na kukianika juani mara kadhaa. Kitakuwa cheupe na laini.

VIPIMO KABLA YA FEDHA

Hasara kubwa ya nguo za nyumbani hutoka katika kununua kwa macho. Mtu huenda dukani siku ya Jumamosi, akapenda ua fulani, akakata mita zinazofika mwisho wa fedha zake. Akifika nyumbani pazia halifiki ukingo wa dirisha. Basi pima kwanza, uandike kwenye karatasi, uende nayo dukani.

Tuseme dirisha lako lina upana wa mita 1.2 na kimo cha mita 1.2. Chuma cha kutundikia pazia kizidi dirisha kwa sentimita 15 kila upande, kwa hiyo kitakuwa mita 1.5. Pazia lisilo na marinda huonekana kama shuka iliyoanikwa. Kwa hiyo upana wa kitambaa uwe mara mbili ya chuma, yaani mita 3. Kitambaa kikiwa na upana wa mita 1.5, utahitaji vipande viwili. Kwa kimo, anza sentimita 20 juu ya dirisha na umalizie sentimita 20 chini yake: jumla mita 1.6. Ongeza sentimita 10 za kukunja juu na 15 za upindo wa chini, ipate mita 1.85. Vipande viwili ni mita 3.7. Kwa kuwa pamba hujikunja ifuliwapo mara ya kwanza, nunua mita 4, ukifue kitambaa kizima kabla ya kukikata.

Wako wapendao pazia lifike sakafuni, kama waonavyo katika picha. Katika nyumba ya zulia ni fahari. Katika nyumba ambayo watoto huingia na matope ya Desemba, pazia hilo litakuwa jekundu kwa chini kabla ya wageni kuketi.

Kitambaa cha meza nacho hupimwa hivyo hivyo. Meza yenye urefu wa mita 1.2 na upana wa sentimita 80 inataka kitambaa kining'inie sentimita 25 kila upande, pamoja na sentimita 3 za upindo. Hesabu yake ni mita 1.76 kwa 1.36. Nunua mita 1.8 ya kitambaa chenye upana wa mita 1.5, na ukanda utakaobaki utatosha vitambaa vya kushikia sufuria.

Jaribu rangi pia. Chovya pembe ya kitambaa chekundu katika maji ya moto, uiminye juu ya kitambaa cheupe. Kikiacha doa, kifue peke yake mara tatu au nne, wala usikiweke kamwe katika beseni moja na mashati ya kazini. Karani aliyeingia ofisini Januari akiwa na shati la waridi ambalo hakulinunua likiwa la waridi atakuambia gharama ya kusahau jambo hili.

Mwisho, mpelekee fundi kazi mapema. Baada ya tarehe 10 Desemba mafundi cherehani wa barazani huwa wamefunikwa na magauni ya watoto, na ahadi ya "njoo kesho" husemwa mara nyingi kuliko salamu.

CHUMBA KIMOJA NA NYUMBA YA MABATI

Ruiru ya leo si ule mji mdogo wa wachuma kahawa. Barabara kuu ya Thika ilifunguliwa mwaka 2012, na watu wakaifuata. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Ruiru umeupita Thika kwa wingi wa watu. Maelfu hukaa katika chumba kimoja, ambacho ni sebule mchana, chumba cha kulala usiku, na jiko wakati wowote. Katika chumba kama hicho nguo hufanya kazi ya ukuta. Pazia moja hutenga kitanda na viti, nalo ndilo mgeni hulitazama kwanza. Hapo ndipo pa kutia fedha: pazia zito la rangi moja, lenye pindo jekundu au kijani, na foronya mbili za kulingana nalo. Chumba kidogo hakivumilii maua ya namna tano.

Wengine hukaa katika nyumba za mabati, nao wana ustadi wao. Kwa ndani hupigilia vitambaa kuta zote nne, na mara nyingine juu kama dari. Hutumia leso kuukuu, au zile pazia nyepesi zipitishazo nuru ambazo wauzaji huziita shia. Nguo hizo huficha misumari, hupunguza baridi ya alfajiri na kuzuia vumbi. Ni mapambo yenye akili, na siku ya Krismasi nyumba ya namna hiyo huweza kupendeza kuliko ghorofa. Lakini papo hapo pana hatari, nasi hatuwezi kuipita kwa haraka.

MOTO HAUJUI SIKUKUU

Kitambaa kilichotundikwa wima huwaka kwa kasi kuliko kilicholazwa, kwa sababu moto hupanda. Mshumaa ukigusa ukingo wa chini wa pazia, mwenye nyumba ana muda wa kupiga kelele tu kabla miali haijafika juu. Pamba huwaka upesi; nguo ya polisteri huyeyuka, ikadondoka na kushika ngozi ya mtu. Katika safu ya nyumba za mabati zilizovikwa nguo ndani, moto wa chumba kimoja huwa wa majirani wote. Kwa hiyo kila mwenye kupamba na ashike maagizo haya.

Jiko, mshumaa na koroboi vikae angalau mita moja mbali na nguo yoyote, na ukuta wa nyuma ya jiko uachwe wazi bila kitambaa. Taa ndogo za kumetameta zitolewe kwenye stima kabla ya kulala, na waya wake usipitishwe chini ya zulia wala nyuma ya pazia. Mlango usifunikwe kwa nguo nzito ambayo mtoto hawezi kuifungua gizani. Ndoo ya mchanga iwekwe karibu na mlango.

Tena usizibe kila tundu kwa kitambaa. Jiko la makaa likiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Usiku wa baridi, wageni wakiwa wamelala sakafuni, kishawishi cha kuliacha jiko ndani ni kikubwa. Litolewe nje, na wageni waongezewe mablanketi. Blanketi nalo ni nguo ya Krismasi, labda iliyo bora kuliko zote.

HESABU YA NYUMBA MBILI

Sasa turudi kwenye fedha, na tutoe mfano. Fikiri nyumba mbili zilizokaribiana.

Katika nyumba ya kwanza baba ni mkulima mwanachama wa ushirika. Amepeleka kahawa nzuri kiwandani, na kila jioni anahesabu madebe yake kama mtu ahesabuye noti. Lakini debe si noti. Kahawa ya ushirika haina budi kukobolewa, kuuzwa na kufanyiwa hesabu, na malipo huja miezi mingi baadaye. Yeye akaenda dukani akachukua kwa deni mapazia yanayometa, zulia, na mapambo ya plastiki. Wageni walisifu. Wiki ya pili ya Januari mwenye duka alikuja kudai siku ile ile mwalimu alipoleta barua ya karo, na mbuzi wawili wakauzwa kwa bei ya haraka.

Katika nyumba ya pili baba ni karani. Yeye alijua mtego mwingine: mshahara wa Desemba mara nyingi hulipwa kabla ya sikukuu, kisha mwenye kulipwa hana budi kungoja mpaka mwisho wa Januari, na majuma hayo ni mengi kuliko ya mwezi mwingine wowote. Basi yeye na mkewe waliketi mwezi wa Oktoba wakaandika orodha. Mapazia ya zamani yalifuliwa na kushonwa upindo mpya. Lile lililochakaa lilikatwa kuwa foronya nne. Walinunua mita 4 za pamba kwa dirisha la sebule, doti moja ya leso kwa meza, na uzi wa kufumia. Mama na binti wakafuma jioni. Karo ilitengwa kwanza ikawekwa benki, kisha ndipo nyumba ikavikwa. Watoto walipewa karatasi na baluni chache, maana sikukuu bila kelele ya watoto si sikukuu.

Wageni waliopita katika nyumba zote mbili walikula chapati na nyama, wakanywa chai, wakacheka. Hakuna aliyeuliza pazia lipi ni jipya. Tofauti haikuonekana siku ile. Ilionekana shule zilipofunguliwa.

Basi, ndugu wasomaji, pambeni nyumba zenu, wala asiwepo wa kuwaambia kwamba maskini hana haki ya pazia zuri. Nguo safi ukutani na mezani ni heshima kwa mgeni, na ni furaha kwa mtoto atakayeikumbuka akiwa mtu mzima. Lakini kila mmoja anunue kwa kipimo, aulize kitambaa kimefumwa wapi, akiweke mbali na moto, na afanye hesabu ya Januari kabla ya kutoa fedha ya Desemba. Sikukuu ikipita, mwenye nyumba hiyo atakunja nguo za Krismasi zilizo za kuwekwa, ataacha zilizo za kutumika, naye atalala usingizi wa mtu asiyedaiwa.